Hadoki wa kuoka na stafingi ya kaa juu: nimejaribu ya trei, ya kibakuli na ya mkono wangu

Wenye haraka wachukue jibu hapa hapa: ile trei ya foili ambayo samaki ashapakwa stafingi (mchanganyiko wa kaa na makombo) tayari msinunue. Nunua fileti ya hadoki, samaki mweupe wa huku, peke yake, stafingi nunua peke yake au tengeneza mwenyewe, alafu uvikutanishe jikoni kwako nusu saa kabla ya kula. Nimeoka hichi chakula mara tisa tangu mwezi wa kumi, nimetumia pesa zangu, nimelisha watu wangu, kwaiyo nasema kitu nimekiona kwa macho na ulimi.

Wenye nafasi sasa kaeni kitako.

Mie nakaa Lowell, Massachusetts, na mnajua Wakenya tulivojaa mji huu, unaweza kwenda dukani na kurudi hujasema Kiingereza. Lakini mambo ya samaki bado yanatusumbua. Mtu ametoka Mombasa au Lamu, amezoea changu, tasi, nguru, kolekole, akifika hapa anasimama mbele ya barafu ya supamaketi anaona fileti nyeupe nyeupe zote zafanana, anachukua tilapia wa kugandishwa anaenda zake. Nilikua hivohivo miaka mingi. Hadi siku nilipoalikwa na mwenzangu wa kazini, hotelini kule Gloucester karibu na bandari, akaniagizia hadoki wa kuoka ana stafingi ya kaa juu. Sahani moja dola 27 kabla hujaweka tipu. Nikala kimya. Nilikua nimesema moyoni samaki wa nchi hii hawana ladha, na siku ile nkaona kumbe shida ilikua mie sijui wanavyopikwa.

Kwa asiyejua, huku majimbo ya New England, kaskazini mashariki ya Marekani, hiki ni chakula cha kila siku, kama vile sisi na samaki wa kupaka. Unachukua samaki mweupe, hadoki au kodi au soli, unamueka juu mchanganyiko wa nyama ya kaa, au kamba, au skalopu (nyama ya aina ya chaza), au vyote, umechanganywa na biskuti za chumvi zilizovunjwa, siagi, kitunguu, selari, ndimu na majani, alafu unaoka mpaka juu kunakua rangi ya dhahabu. Wengine wanaviringa fileti na stafingi ndani lakini mie nazungumzia ya juu, maana ya juu inapata ukavu ule wa kuliza meno, ya ndani inabaki laini kama mkate uliolowa chai.

Na ukifikiria vizuri mantiki yake ni ileile ya kupaka kwetu. Samaki ana kitu juu yake kinachomlinda na moto na kumpa ladha. Tofauti ni kua changu ana ladha yake mwenyewe hata ukimchoma na chumvi tu, hadoki ni mpole, ana utamu kidogo wa mbali, kwaiyo kile cha juu ndo kinabeba mzigo. Ndo maana ukikosea stafingi umekosa kila kitu.

Tuanze na samaki mwenyewe. Hadoki utamjua kwa alama, ana mstari mweusi ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani na doa jeusi juu ya pezi la ubavuni kama mtu amemfinya kwa kidole chenye masizi. Kodi mstari wake ni mweupe mweupe na hana doa. Fileti zikishatolewa ngozi huwezi kutofautisha kirahisi, na ndo sababu huku hadoki huuzwa sana na ngozi yake upande mmoja, ile ngozi ni kama kitambulisho. Ukiona imeandikwa hadoki na haina ngozi, uliza. Nyama ya kodi hutoka vipande vikubwa vikubwa vizito, ya hadoki vipande vidogo na laini zaidi, na kwa stafingi mie nampenda hadoki kwa sababu haivi vigumu na bei yake mara nyingi iko chini kidogo.

Kodi ana historia yake nzito hapa. Ndani ya bunge la jimbo kule Boston ametundikwa samaki wa mbao, kodi, yuko nao tangu miaka ya 1780, kuonyesha kua jimbo lilijengwa na huyo samaki. Walimvua mpaka wakamaliza, Kanada wakafunga uvuvi wa kodi wa kaskazini mwaka 1992, na mwaka 1994 Marekani wakafunga sehemu kubwa za Georges Bank, eneo la uvuvi baharini huku, ambazo ndo zilikua ghala lao. Hadoki nae alishuka vibaya lakini baada ya kufunga akarudi kwa wingi pale Georges Bank. Kodi wengi mnaoona madukani sikuizi wametoka Iceland na Norway. Sisemi ni wabaya, Iceland wanajua kazi ya samaki, ila nataka mjue kua ukisimama Massachusetts na unanunua kodi, huenda amesafiri mbali kukushinda wewe.

Haya, trei.

Nilinunua supamaketi moja kubwa, jina nitaliacha. Trei ya foili, fileti mbili, stafingi juu imepangwa vizuri ina rangi ya machungwa, dola 9.99 kwa ratili. Nkasema hii bahati, kazi imeshafanywa. Nikaoka kama walivyoandika, dakika 25. Nikafungua oveni nakuta samaki anaogelea. Maji meupe kama maji ya mchele yamejaa trei, stafingi juu imekauka ngozi tu, chini yake ni uji. Sisemi kwa kutia chumvi, nilichukua kijiko nikaichota kama uji. Watoto wakala mkate wakaacha samaki, bwanangu akala kwa adabu.

Nikakasirika nikasoma lebo, kitu ningefanya kabla. Hapa sheria inataka viungo viandikwe kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kianze. Kwaiyo stafingi ile ilianza na makombo ya mkate, ikafuata maji, majarini, alafu ndo kaa, na kaa mwenyewe sio kaa. Ni surimi, samaki mweupe aliyesagwa, mara nyingi ni poloki wa Alaska, akachanganywa na wanga na ute wa yai, akapakwa rangi nyekundu afanane na mguu wa kaa. Sio sumu, watoto wangu wanaila hiyo kwenye saladi, lakini usiniuzie kwa jina la kaa. Kamba walikua mwisho mwisho wa orodha, karibu na chumvi.

Wiki iliyofuata nikanunua nyingine makusudi, nikakwangua stafingi yote kabla ya kuoka nikaweka kwenye mizani. Katika ratili moja, yani aunsi 16, stafingi ilikua karibu aunsi 7. Hebu piga hesabu. Karibu nusu ya ulicholipia kwa bei ya samaki ni mkate na maji. Na samaki mwenyewe aliandikwa kua ana sodiamu tripolifosfeti, dawa wanayoweka ili nyama ishike maji isipungue uzito. Ukimueka motoni yale maji yanatoka yote, ndo ule ziwa niliouona. Kwenye skalopu ndo wanaitumia sana, ukienda duka la samaki utasikia wanasema skalopu kavu na skalopu za maji, zile kavu hazijatiwa dawa. Ukitaka kuoka chochote, tafuta kavu.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi ya maji. Waislamu wenzangu, someni hizi lebo hadi herufi ya mwisho. Stafingi ile ilikua na divai ya sheri ndani. Sikuiona mara ya kwanza, niliila na nikalisha watoto wangu. Na ile kaa ya surimi pia, baadhi ya aina zina mirini, pombe ya mchele ya Kijapani, sio zote lakini zipo. Nilimuuliza kijana wa kaunta kama ipo stafingi isiyo na divai akaniambia hajui, zinakuja zimeshachanganywa kutoka kiwandani. Hajui. Mtu auza chakula na hajui kilicho ndani, na simlaumu yeye, kijana wa watu ameajiriwa kupima na kufunga, nawalaumu waliomuweka pale bila kumfundisha. Kwa wenye aleji ni hatari zaidi, maana kitu hiki kimoja kina samaki, kaa, ngano, maziwa na mara nyingi mayai, yani karibu kila kinachopeleka watu hospitali kimo kwenye kijiko kimoja. Ukialika wageni waambie kabla hawajakaa. Juu ya samaki ikishaiva inaonekana kama makombo ya mkate tu, mtu hawezi kujua kuna kamba ndani.

Trei naipa nyota moja na nusu, hiyo nusu ni ya foili kwa sababu niliosha nikatumia tena.

Sasa kibakuli. Hii ndo niliyoipenda.

Kuna duka dogo la samaki kule pwani, kutoka Lowell ni kama saa moja kwa gari ikiwa hakuna foleni, duka la familia, barafu mbele, ubao umeandikwa kwa chaki samaki katoka wapi. Wanauza stafingi ya kaa kwenye kibakuli cha plastiki chenye mfuniko, wametengeneza wenyewe nyuma pale, dola 12 kwa ratili. Lebo fupi: nyama ya kaa, kreka (zile biskuti za chumvi), siagi, kitunguu, selari, ndimu, pasli, paprika, chumvi. Imeisha. Nikauliza divai, mzee wa duka akaniambia hatii, mkewe hataki. Nikauliza kaa gani, akasema jona, kaa wa maji ya huku huku, wale wekundu wenye makucha meusi nchani. Nikauliza hadoki lini kavuliwa, akanijibu bila kufikiri. Akaniinulia fileti ninuse. Jamani kununusha mteja samaki! Mara ya mwisho nimeona hivo ni soko la samaki Mombasa.

Hadoki alikua dola 13. Hesabu ya watu wanne: ratili moja na nusu ya hadoki ni dola 19 na nusu, nusu ratili ya stafingi dola 6, jumla dola 25 na senti 50. Kwa trei za supamaketi za watu hao hao wanne ni dola 20. Kwaiyo tofauti ni dola tano na nusu, na umekula samaki na kaa badala ya maji na mkate. Na kumbuka hotelini mtu mmoja ni 27.

Kasoro zake nitazisema maana hakuna kitu kisicho na kasoro. Chumvi imezidi kidogo, kwaiyo samaki mwenyewe usimtie chumvi nyingi. Selari ni nyingi kuliko nitakavyo, kwa ulimi wetu selari ina kaharufu ka dawa. Haina ukali hata kidogo, lazima utie pilipili yako. Na mara mbili nimekuta vigamba vya kaa ndani, sio vingi, lakini kwa watoto nilipitisha kidole stafingi yote kabla ya kutumia, na nyie fanyeni hivo, nyama halisi ya kaa vigamba haviepukiki na kusema kweli kukuta kigamba ndo unajua umeuziwa kaa. Pia haikai. Siku mbili kwenye friji basi. Nilijaribu kugandisha, ilipotoka kreka zimenyonya maji na kaa amekua nyuzi nyuzi, sirudii.

Nyota nne. Ingekua na pilipili na ndimu zaidi ningetoa tano.

Sasa namna ya kuoka maana hata stafingi ya kaa wa peponi ukioka vibaya unaharibu. Mie kosa langu la kwanza lilikua kushindilia. Unaona stafingi unaibandika juu ya samaki unaipiga piga kwa kiganja kama unatengeneza kababu, basi inakua tofali, joto haliingii, mvuke wa samaki hautoki, chini inakua uji tena. Stafingi inyunyizwe. Ichambue kwa uma, iwe makombo makombo, uimwage juu ya samaki kama unavyomwaga nazi juu ya vitumbua, iguse kidogo tu ili isianguke. Na unene wake usizidi nusu ya unene wa samaki.

Kabla ya hapo mkaushe samaki. Hili nalitilia mkazo. Tishu ya jikoni juu na chini, chumvi kidogo, muache dakika kumi, utaona katoa maji, mkaushe tena. Upande wa mkia ambao ni mwembamba ukunje chini yake ili unene uwe sawa, la sivo mkia unaiva na kua gome wakati katikati bado mbichi. Ngozi ikae chini. Trei ya chuma ni bora kuliko ya kioo kwa sababu inashika moto haraka, paka siagi kidogo au weka karatasi ya kuokea.

Moto nyuzi 400 za Farenhaiti, kama 200 za Selsiasi, oveni iwe imeshapata moto kabla hujaingiza. Wenyeji wanahesabu dakika kumi kwa kila inchi moja ya unene wa samaki, lakini hiyo ni samaki mtupu, huyu amevaa koti, mie naongeza dakika tano hadi saba. Ukitaka uhakika nunua kipima joto cha jikoni, kidude cha dola kumi na kitu, kichome katikati ya samaki kutokea ubavuni, kikisema 145, yani 63 kwa Selsiasi, ameiva. Na pima stafingi pia kama umetia kamba wabichi ndani, kamba wawe wamekatwa vidogo kama punje za mahindi, la sivo samaki atakauka ukisubiri kamba. Mie sikuizi kamba nawakaanga nusu kwanza kwa siagi na thomu, nawaachia wapoe ndo nachanganya.

Usifunike foili. Watu wanafunika wakiogopa kuungua, lakini foili inarudisha mvuke na ule ukavu wa juu ndo umekufa. Kama juu haijapata rangi mwishoni washa moto wa juu dakika moja na nusu, simama hapo hapo, usiende kujibu simu.

Nkaja sasa kwa ya mkono wangu, na hii ilitokana na mamangu.

Mamangu alikuja kutoka Kibokoni, Mombasa, kukaa nasi miezi mitatu. Siku ya kwanza nimempikia hadoki wa kuchemsha na nazi, akala kidogo akaniangalia akasema, "Mwanangu, samaki huyu mbona hana lake?" Nkamwambia, "Mama, ngoja Ijumaa." Ijumaa nikaoka na stafingi ya kibakuli. Akala. Akakwangua trei. Alafu akauliza kwa nini hawakutia nazi. Basi swali hilo ndo likaniweka jikoni wiki tatu.

Jaribio la kwanza nilichanganya kreka na tui zito badala ya siagi, nikadhani itakua kama kupaka. Haikua. Ladha nzuri, lakini juu ililainika kabisaa, kama mkate wa sinia ulioloa. Mamangu akanieleza kitu ambacho nimekula miaka yote na sijawahi kukifikiria: samaki wa kupaka unapaka, unasubiri ikauke juu ya makaa, unapaka tena, unasubiri, kila tabaka linakauka peke yake. Oveni haikupi nafasi hiyo, umeshamwaga tui lote mara moja. Tui ni maji na mafuta, kreka zinanyonya maji, kwisha. Akasema nazi itiwe kavu.

Kwaiyo hii ndo tulifika nayo. Nyama ya kaa nusu ratili, kamba kumi wa wastani waliokatwa, mfuko mmoja wa ndani wa kreka za Ritz (zile za duara za siagi, zipo tangu 1934 na nadhani nusu ya stafingi zote za huku zimejengwa juu yake), uzivunje kwa mkono usizisage ziwe unga. Nazi ya kukuna vijiko vinne vya kulia, ikaangwe kavu kwenye kikaango moto mdogo mpaka inukie na ianze kugeuka rangi, itoe upesi maana ikiungua inakua chungu. Siagi vijiko vitatu iliyoyeyuka. Thomu punje mbili, pilipili mbichi moja au mbili kwa ubavu wako, dania iliyokatwa, maganda ya ndimu yaliyokunwa kijani tu usifike kwenye nyeupe, na ndimu yenyewe nusu ikamuliwe. Bizari ya manjano ncha ya kijiko kwa rangi. Selari hapana. Chumvi onja kwanza kwa sababu Ritz zina chumvi na kaa ana yake.

Ile nazi iliyokaangwa ndo ilibadilisha kila kitu. Inabaki kavu, inaongeza ule mlio ukitafuna, na inavuta utamu wa kaa. Mamangu alikula akanyamaza, alafu akasema, "Sasa ana lake." Kwangu hiyo ni zaidi ya nyota tano.

Gharama ya hii inategemea kaa. Nyama ya kaa iliyochambuliwa ni ghali, ukiipata kwenye kopo la friji ni afadhali kuliko la makabatini, lile la makabatini lina maji mengi, likamue ndani ya kitambaa safi kama unavyokamua nazi. Mwenye bajeti ndogo atumie kamba peke yake, inatoka vizuri, nimefanya mara mbili. Kaa na kamba nusu kwa nusu ndo bora. Skalopu nilijaribu mara moja, tamu, lakini kwa pesa ile ningekula skalopu mtupu na siagi nisimfunike na makombo.

Kuhusu samaki mwingine kama huna hadoki: kodi sawa, ongeza dakika mbili tatu maana ni mnene. Soli ni mwembamba sana, anaiva kabla stafingi haijapata rangi, yule ndo wa kuviringa. Tilapia naomba msimfanyie hivi, ana harufu ya tope wakati mwingine na siagi inaikuza. Salmoni ana mafuta yake tosha, kumuongezea siagi na kaa ni kumchosha mlaji. Wa kugandishwa anafaa kama amelala kwenye friji usiku kucha ndani ya chujio na bakuli chini, asiyeyushwe kwa maji moto, na akaushwe mara mbili.

Kiporo chake usirudishe maikrowevu, stafingi inakua ngozi. Kikaango, moto mdogo, upande wa ngozi chini, mfuniko nusu, dakika tano. Au fanya anavyofanya bwanangu, anamvunja vunja ndani ya chapati na kachumbari asubuhi anaenda nayo kazini.

Mamangu amerudi Mombasa mwezi uliopita, kwenye sanduku lake kulikua na mifuko minne ya Ritz imefungwa katikati ya kanga. Nyumbani hana oveni. Nilimuuliza atafanyaje akaniuliza mkate wa kumimina tulikua tunaupika na nini wakati mie mdogo. Moto juu moto chini. Amechukua fileti ya chewa, sio changu, alisema changu miba yake itawasumbua wajukuu, akamueka kwenye sufuria pana imepakwa siagi, stafingi ya kaa wa mikoko aliyemchemsha na kumchambua mwenyewe juu yake, akafunika kwa sinia, makaa machache chini, makaa mengi juu ya sinia. Dakika ishirini. Alinitumia picha, juu imechomeka vizuri kuliko ya kwangu yoyote ya oveni, na akaniambia kwa simu kua chewa wa kwetu hahitaji siagi nyingi hivo, vijiko viwili vyatosha, na Ritz zikiisha atatumia tosti za dukani, zile ngumu za kuchovya chai, azivunje kwa kinu.